Mogeji huku kwetu: tafuta hati kwanza, benki itangoja

Shemeji yangu alinipigia kutoka Lamu saa nne usiku, na mtu akikupigia saa hiyo ama kuna msiba ama kuna pesa. Ilikuwa pesa. Ati benki gani nzuri ya kuchukua mogeji? Ni mwalimu wa serikali, peslipu anayo, kapata nyumba mtaa wa Langoni mwenyewe anataka milioni 3, na keshaingia benki mbili, kila moja imempa brosha ina picha ya mke na mume wanacheka mbele ya mlango mpya. Nkamuuliza swali moja tu, nyumba ina hati? Akanyamaza kidogo. "Hati ipo shemeji, iko kwa jina la babu yao."

Haya. Hapo nkajua habari ya benki gani itangoja sana.

Niseme mapema, mimi si mtu wa benki. Naandika hesabu za maduka na vyumba vya wageni hapa Malindi, na kwa sababu hiyo watu huniletea fomu zao za mikopo niwajazie, zangu pia nimejaza, kwa hivyo naona zinakokwama. Na huku pwani nyingi hazikwami kwenye mshahara, zinakwama kwenye ardhi. Mogeji ukiivua nguo ni hivi: benki inakupa pesa, wewe unaipa hati, hati inaandikwa kwa ofisi ya ardhi kuwa iko rehani, ukimaliza inafunguliwa, ukishindwa benki inaiuza. Sasa kama hati haiwezi kuwekwa rehani, hata uwe na mshahara wa gavana hakuna mkopo, na yule kijana wa benki aliyekupa brosha hakwambii hivyo siku ya kwanza, atakwambia ukishalipa ada ya mthamini. Hiyo ada hairudi. Shemeji alikuwa keshalipa.

Mthamini mwenyewe alikuja na boti kutoka Mokowe na mkanda wake wa kupimia, akapima ukuta wa mawe akashangaa unene wake, akaangalia boriti za dari akauliza zina umri gani, bibi wa nyumba akamjibu "zimenikuta". Akaandika akaenda zake. Ripoti ikatoka nzuri tu, nyumba ina thamani, ila mwenye hati kafa zamani na warithi wako sita, mmoja yuko Oman. Benki haiwezi kupokea rehani kutoka kwa maiti. Lazima mirathi ipite kwanza, kwa kadhi kama familia ni ya Kiislamu na wote wamekubali kusikizwa huko, ama kwa mahakama ya kawaida, warithi wajulikane, jina libadilishwe kwa ofisi ya ardhi, ndio wauze. Hiyo inaweza kuchukua miezi, na mrithi mmoja akigoma ni miaka. Na nyumba za Mji wa Kale wa Lamu zina jambo lake lingine, mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuamka ukabomoa roshani ukatia madirisha ya alumini, ruhusa ni ya watu wa Makumbusho, na benki inajua hilo, inajua pia kuwa nyumba kama ile haiuziki haraka siku ikitaka kuiuza.

Kuna ile ya nyumba bila ardhi, ambayo mtu wa bara ukimwelezea haamini. Nyumba yako, umejenga mwenyewe, ardhi ya mwengine, unalipa kodi ya ardhi kila mwezi ama mwaka, na watoto wako watalipa. Mombasa zimejaa, Malindi zipo, Lamu zipo. Chanzo chake ni kirefu, kimoja ni ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 ya Mwingereza, ambayo ilimtaka mtu wa pwani ajitokeze kudai ardhi yake, waliojua njia za ofisi wakaandikisha, wasiojua (Wamijikenda wengi wako humu) ardhi yao ikahesabiwa ni ya serikali ama ya mtu aliyewatangulia. Mimi sitaki kuanza vita hapa. Nasema tu kuwa benki ya leo inasoma yale maandishi ya zamani, na nyumba bila ardhi hailetei mogeji, nunua kwa pesa taslimu kama roho yako imekubali. Ardhi ya wakfu pia usijisumbue, wakfu hauuzwi wala hauwekwi rehani, ndio maana yake.

Na wanaotaka vile vila vya Wataliano hapa Malindi, manake siku hizi wengi wanauza wanarudi kwao, bei unaiona unasema hii ni sadaka. Angalia anauza nini. Katiba ya 2010 kifungu cha 65 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi milele, anaruhusiwa lisi, yaani kukodi ardhi, isiyozidi miaka 99, na hata waliokuwa na hati ya milele kabla ya hapo zikageuka kuwa za miaka 99 tangu tarehe 27 Agosti 2010. Sio vibaya, benki zinakubali lisi, zinataka tu miaka iliyobaki ipite mbali ule muda wa mkopo. Lakini kuna viwanja vya ufukweni lisi yake ni ya zamani inakaribia kuisha, hivyo ndivyo utaonyeshwa kwa bei ya sadaka.

Kwa iyo hatua ya kwanza ni sachi rasmi, yaani kutafutiwa rekodi za kiwanja, ya ofisi ya ardhi, wewe mwenyewe ama wakili wako, sio ile karatasi dalali anakupigia picha kwa WhatsApp. Itakwambia jina la nani, ni lisi ama ni ya milele, kuna zuio, kuna rehani ya mwengine. Shamba la kilimo, mfano huko Kakoneni ama nyuma ya Mambrui, linataka pia kibali cha bodi ya ardhi. Haya sasa, hati ikiwa safi tuje kwa mfuko wako.

Hapa kuna hesabu ambayo watu hawafanyi kabla ya kupanga foleni. Sheria ya kazi inasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, yaani theluthi moja lazima ikubakie. Chukua mshahara wa msingi 60,000 kama wa shemeji, tuweke posho kando kwanza. Mfuko wa pensheni, tuukate kwa kiwango cha NSSF, unakula 3,600, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ni 1,650, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 900, kodi ya mapato kama 8,500. Unabaki na 45,300 hivi. Theluthi ya 60,000 ni 20,000 haiguswi. Kwa hivyo nafasi ya mikopo yote kwa jumla ni kama 25,300, nasema yote, mogeji na Sacco (chama cha akiba na mikopo) na friji ya kulipa polepole. Shemeji ana mkopo wa Sacco anakatwa 9,000. Amebaki na 16,300.

Sasa milioni 3 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 ni rejesho la 37,300 kwa mwezi. Umeona? Hata asingekuwa na Sacco haifiki, 25,300 inambeba mkopo wa milioni 2 hivi, na 16,300 inambeba milioni 1.3. Alinyamaza tena kwenye simu. Nkamwambia shemeji usiudhike, hii ni hesabu, haina uadui na mtu. Wengine hupata nafasi kwa kuungana mke na mume, mishahara miwili inahesabiwa pamoja, na dadangu, ndiye mke wa shemeji, ana duka la mabuibui, lakini mwenye duka naye ana mtihani wake.

Mtu wa biashara benki inamtaka stetimenti za mwaka ama zaidi, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili mitatu, fomu za kodi za KRA awe anajaza. Na biashara zetu zinafuata upepo jamani. Kaskazi wageni wapo, vyumba vimejaa, boti zinatoka, Desemba na Januari akaunti inanona. Ikifika Mei, masika na kusi, bahari chafu, hoteli zinafunga, akaunti inakauka kabisa. Anayesoma stetimenti yako amekaa Nairobi ghorofa ya ngapi sijui, anaona Aprili hadi Juni hakuna kitu anaandika biashara imekufa. Peleka miezi 12, ikiwezekana 24, usipeleke 6, na uambatanishe barua fupi inayoeleza misimu. Na pesa ipitie benki ama till ya simu, hii ya kuuza ukanunua stoku na pesa ya mkononi inakufanya maskini kwenye karatasi. Nina mteja mmoja anazungusha pesa kunishinda mara kumi, kwa benki anaonekana ni mtu wa kuomba.

CRB nayo, zile ofisi zinazoweka rekodi za madeni ya watu. Kila mtu ana haki ya ripoti yake moja bure kwa mwaka, iombe kabla ya benki kuiomba. Shemeji alikuta deni la shilingi 1,800 la mkopo wa simu la zamani, laini yenyewe keshaitupa, limekaa pale linamchafulia jina. Lipa, subiri lisasishwe, chukua cheti, ndio uende.

Tuje riba, hapa ndio pana tope. Ukiambiwa asilimia uliza asilimia ya nini. Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua mkopo wa biashara mahali fulani, nusu milioni kwa miaka mitano, nikaambiwa "asilimia kumi tu kaka", nikafurahi. Kumbe ni ile ya bapa, wanaita fleti, riba inahesabiwa kwenye nusu milioni yote mpaka mwezi wa mwisho hata kama umebakisha elfu kumi. Nikalipa 12,500 kila mwezi. Ukiigeuza kwa hesabu ya deni linalopungua ni kama asilimia 17. Mogeji za benki kawaida ni za deni linalopungua, lakini uliza tu, na uulize kwa maandishi.

Hata hiyo ya kupungua inapungua kwa uvivu mwanzoni. Ule mfano wa milioni 3 kwa asilimia 14, rejesho la kwanza la 37,300, riba ni 35,000, deni lenyewe unapunguza 2,300. Elfu mbili na mia tatu! Ukimaliza miaka 20 umelipa karibu milioni 9. Miaka 10 ingekuwa 46,600 kwa mwezi na jumla milioni 5.6. Hiyo tofauti ni nyumba nyingine ya pili, ila kama huna hizo elfu tisa za juu kila mwezi huna, hakuna wa kukulaumu. Cha kufanya ni kuuliza kama unaweza kuongeza malipo ukipata kitu, bonasi, msimu mzuri, urithi, bila faini ya kulipa mapema. Benki hazifanani kwa hili na mimi naona hili swali ni kubwa kuliko tofauti ya nusu asilimia.

Alafu riba yenyewe inaelea. Kulikuwa na sheria ya kuifunga tangu 2016, ikaondolewa Novemba 2019. Kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13 mapema 2024, kikaanza kushushwa kuanzia Agosti mwaka huo, mwaka mmoja baadaye kikawa 9.5. Kuanzia Desemba 2025 mikopo mipya inayoelea inafungwa kwenye kipimo kinaitwa KESONIA, bei ya benki kukopeshana usiku mmoja, alafu benki inaongeza sehemu yake juu wanaiita K, hiyo K inategemea wanavyokuona wewe. KESONIA huwezi kubishana nayo. K unaweza. Muulize ofisa "K yangu ni ngapi na kwa nini", ukiwa umeshika ofa ya benki nyingine mkononi. Na ujipime kwa riba mbaya kuliko ya leo, ile 37,300 ikipanda kutoka asilimia 14 hadi 17 inakuwa 44,000, utailipa na nini?

Sasa ndio benki gani. Ukweli mogeji Kenya ni chache mno, nchi nzima akaunti zinazunguka 30,000 hivi, kwa hivyo tawi la mji mdogo unaweza kukuta ofisa ambaye hajawahi kuipeleka hata moja mpaka mwisho, anasoma na wewe. Mimi naangalia kama benki ina wakili na mthamini wanaojua pwani, na kama inatoa mikopo ya KMRC. Hii ni kampuni iliyoundwa 2018, haikopeshi mtu, inazipa benki na Sacco pesa ya muda mrefu ya bei nafuu ili nazo zikukopeshe kwa riba chini ya asilimia 10. Kuna kikomo cha ukubwa wa mkopo na masharti yake, lakini angalia hesabu: milioni 3 miaka 20 kwa asilimia 9.5 ni 28,000 kwa mwezi badala ya 37,300. Hawaipigii debe sana, itaje kwa jina.

Sacco usiidharau. Nyingi zinakopesha mara tatu ya akiba yako, kwa riba ya kama asilimia 1 kwa mwezi ya deni linalopungua, dhamana ni wenzako. Imarika hapa Kilifi ilianza kwa walimu, sasa ni kubwa. Kwa mtu anayejenga chumba kwa chumba, msingi mwaka huu, linta mwaka ujao, mimi namwambia akae na Sacco, hati yake ilale kabatini.

Na kuna wasiotaka riba kabisa, Lamu ndio wengi. Gulf African na ile iliyokuwa First Community (siku hizi Premier) zote zilianza 2008 zikiwa za sharia tupu, na benki nyingine kubwa zina dirisha la sharia. Kwa murabaha benki inanunua nyumba inakuuzia kwa bei na faida mliyokubaliana, hiyo haipandi hata dunia ipinduke. Kwa musharaka inayopungua mnanunua pamoja, wewe unalipa kodi ya sehemu yao huku unainunua kidogo kidogo mpaka wanatoka, na hapo kodi inaweza kupitiwa upya, kwa hivyo uliza inapitiwa lini na kwa kipimo gani. Usitegemee rejesho liwe dogo sana kuliko kwingine, mara nyingi zinakaribiana. Unayoipata ni dhamiri, na kwa murabaha unapata utulivu wa bei. Shekhe mmoja hapa Barani alinambia mkataba usomwe kama nikahi, na hajakosea.

Gharama za pembeni zinaua watu. Benki nyingi hazitoi bei yote, weka dipoziti ya asilimia 10 hadi 20. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa nyumba ya mjini, 2 kwa mashambani, kwa nyumba ya milioni 3 hapa Malindi mjini ni 120,000 unalipa taslimu. Kuandika rehani asilimia 0.1. Wakili wako, wakili wa benki (naye unamlipa wewe, usiniulize kwa nini), mthamini, ada ya benki, bima ya nyumba na ya maisha yako. Kwa nyumba ya milioni 3 mtu akinambia ana laki 3 za dipoziti namwambia tafuta laki 3 zingine. Kidogo kinarudi kwenye kodi, riba ya mogeji ya nyumba unayoishi inatolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi, mpaka 30,000 kwa mwezi tangu mwisho wa Desemba 2024. Kwa mshahara kama wa shemeji na mkopo wa milioni 2 hiyo ni karibu elfu 7 kwa mwezi mwanzoni, na walimu wengi hawapeleki barua ya benki kwa mwajiri, wanaiacha serikali inakula.

Ukishindwa kulipa haiwi kama sinema, hawaji kesho. Mwezi mmoja wa kuchelewa, notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali wa mnada na siku zake 45. Muda huo ndio wa kwenda kuongea na benki, na watu wengi wanautumia kujificha.

Shemeji ameiacha nyumba ya Langoni kwa sasa, warithi wameanza habari ya kadhi. Anaangalia moja ndogo Muyeye, hati safi, sachi nimeiona kwa macho yangu, anamaliza kwanza ule mkopo wa Sacco. Kwa nyumba ya ndoa sheria inataka saini ya mke ama mume kabla ya rehani, na dadangu keshasema yeye hasaini kitu mpaka asomewe kila ukurasa, kwa Kiswahili, dukani kwake, baada ya laasiri.